Glock 17 au Glock 19: namna ya kuzilinganisha bastola mbili zinazofanana bila kujidanganya

Swali hili huniijia kila baada ya wiki chache, mara kutoka Unguja, mara kutoka Pemba: "Sheikh, nimezishika zote mbili, ile ndogo imenikaa mkononi. Nichukue hiyo?" Nikimuuliza amepiga risasi ngapi kwa kila moja, anacheka. Mwengine anajibu "tano tano hivi". Baada ya miezi ndiyo huyo huyo anayelalamika kwamba bastola yake inapiga chini kushoto na eti ina ubovu.

Nimefundisha walinzi kulenga shabaha kwa miaka kadhaa, na karibu wote wanakosea pale pale. Wanadhani wanapima bastola, kumbe wanapima mkono uliochoka, jua lililopanda na jasho. Hapa chini nimeandika hatua ninazozifuata mimi mwenyewe. Nimetumia Glock 17 na Glock 19 kwa sababu ndizo zinazogombaniwa zaidi, lakini utaratibu ni huu huu kwa bastola yoyote ya nusu otomatiki na mwenzake.

Jambo moja kwanza. Kazi hii hufanywa kwenye uwanja halali wa shabaha, mbele ya msimamizi, na kila bastola iwe na mwenyewe mwenye kibali chake. Silaha haiazimwi kama baiskeli. Kama ya pili ni ya rafiki yako, aje nayo yeye mwenyewe, muulizeni msimamizi kabla ya siku, na mfuate atakachosema.

## Vitu vya kuandaa

- Bastola mbili, zote zimesafishwa, na magazini (vile vikasha vya risasi vinavyoingia kwenye mpini) mbili mbili.
- Risasi 100 za 9x19, saizi inayotumiwa na bastola hizi, kutoka aina moja, ikiwezekana kasha moja. Zipo zenye kichwa cha gramu 7.5 hivi na zipo za gramu 8. Ukizichanganya, umeshaharibu kipimo kabla hujaanza.
- Risasi bandia kumi, zile za plastiki au alumini zisizo na baruti.
- Miwani ya kinga na vizibo vya masikio.
- Karatasi nyeupe 20, kalamu nene ya wino na rula. Duara la kulengea chora kwa mdomo wa kikombe cha kahawa. Sentimita tano hadi sita zinatosha.
- Mizani ya ndoana, ile wanayopimia samaki na mizigo. Darajani utaipata.
- Sarafu moja ya shilingi mia.
- Simu inayorekodi video ya mwendo wa polepole.
- Kitambaa kikavu, chupa ya maji, mafuta ya silaha.
- Mtu wa pili. Bila yeye hatua ya saba haiwezekani, na hiyo ndiyo hatua yenye faida kuliko zote.

## Tofauti zilizopo kweli kati ya hizi mbili

Zote zinakula risasi moja na triga zake, yaani vile vifyatulio vya kidole, ni za mpango mmoja. Mtutu wa 17 una milimita 114, wa 19 una 102. Kimo cha 17 pamoja na magazini ni milimita 139, na cha 19 ni 128. Hizo milimita 11 za mpini ndizo zinazoamua kama kidole cha mwisho kitapata pa kukaa. Magazini ya kawaida ya 17 inabeba risasi 17, ya 19 inabeba 15. Magazini ya 17 inaingia kwenye 19 na kubaki imechomoza chini. Ya 19 haifai kwenye 17, ni fupi.

Kati ya kilengeo cha mbele na cha nyuma, 17 ina milimita 165 na 19 ina 153. Piga hesabu. Ukikosea milimita moja tu kwenye kilengeo, kwa umbali wa mita 10 risasi ya 17 inahama kama sentimita 6, na ya 19 kama sentimita 6 na nusu. Nusu sentimita basi. Anayekwambia 19 "haina shabaha" muulize hiyo nusu sentimita yeye ameionaje.

## Hatua ya 1: Hakikisha zote ni tupu, kisha hakikisha tena

Elekeza mtutu kwenye tuta la mchanga. Toa magazini. Vuta slaidi (kile chuma cha juu kinachokwenda mbele na nyuma) nyuma, ifunge ikae wazi, tazama ndani ya chemba, pale risasi inapokaa nyuma ya mtutu, kisha tia ncha ya kidole kidogo uguse. Mpe mwenzako naye aangalie.

Magazini itoke kwanza, slaidi ifuate. Ukigeuza mpango huo, slaidi inatoa risasi iliyo chemba halafu inasukuma nyingine kutoka kwenye magazini, nawe umesimama unaamini silaha ni tupu. Kwa Glock hili lina uzito zaidi, kwa sababu hata kuifungua kwa usafi ni lazima uvute triga.

Umefaulu iwapo watu wawili wameona chemba tupu na risasi zote ziko kwenye meza nyingine, mbali na mikono yenu.

## Hatua ya 2: Mpini, kwa mkono mkavu na kwa mkono wenye jasho

Shika bastola tupu kama utakavyoipiga, mikono miwili, mkono wenye nguvu umepanda juu kabisa ya mpini. Tazama doa moja kwenye tuta. Fumba macho, shusha bastola, inyanyue tena hadi usoni, fumbua. Kilengeo cha mbele kiko wapi? Kikikaa juu, mpini unakunyanyulia mtutu. Kikikaa kushoto au kulia, ama mpini haukukai, ama umeushika vibaya. Rudia mara tano, andika, kisha chukua ya pili.

Sasa lowanisha viganja kwa maji na urudie. Watu wa bara jambo hili hawalifikirii sana, lakini sisi kaskazi likishika, saa tatu asubuhi viganja vimesharowa. Bastola iliyokukaa kwenye chumba chenye kiyoyozi inaweza kukuponyoka kama pweza. Hapa ndipo urefu wa mpini unapojionesha. Mwenye viganja vipana, kidole cha mwisho kwenye 19 kinaning'inia nusu, na mkono ukilowa anakosa nguvu ya chini. Mwenye mikono midogo anaweza asione tofauti hata kidogo.

Kama ni za kizazi cha nne au cha tano, kuna vipande vya kubadilisha mgongo wa mpini. Weka saizi ile ile kwa zote mbili. Nimewahi kumuona mtu akisifia 17 kwa nusu saa nzima, kumbe alichokuwa akikisifia ni kipande kinene cha mgongo ambacho 19 ya mwenzake haikuwa nacho.

## Hatua ya 3: Pima triga kwa mizani, usipime kwa maneno

"Hii triga yake laini." Laini kiasi gani?

Bastola ni tupu, umeshahakikisha. Funga kitanzi cha uzi kwenye ndoana ya mizani, kiweke katikati ya triga ili kiubane ule ulimi mdogo wa usalama, kisha vuta taratibu, sawasawa na mtutu, mpaka ifyatue. Soma mizani. Koki tena kwa kuvuta slaidi, rudia mara tano, uchukue wastani. Kwa Glock ya kawaida utaona kati ya kilo mbili na nusu na tatu. Mizani ya samaki haina ulinganifu wa maabara, lakini hapa unatafuta tofauti, na kosa lake linaziumiza zote mbili sawa.

Ikitofautiana kwa zaidi ya robo kilo, usiseme 17 ni laini kuliko 19. Sema hii moja imetumika sana, au imechezewa na fundi. Triga hizi zina safari ya milimita 12.5 kwa zote mbili. Mpango ni mmoja.

Kisha sarafu. Mwenzako akuwekee shilingi mia juu ya slaidi, karibu na kilengeo cha mbele, nawe uvute triga bila sarafu kudondoka. Kumi kwa hii, kumi kwa ile. Anayedondosha nane kati ya kumi kwa bastola zote mbili hana haja ya kuendelea kulinganisha leo. Arudi nyumbani akafanye zoezi la sarafu, akitumia risasi bandia, kwa wiki mbili, halafu aje. Nawaambia hivyo na wananinunia, lakini nawaokolea risasi 100.

## Hatua ya 4: Panga zamu kabla ya kupiga hata moja

Hapa mimi mwenyewe niliwahi kuumbuka. Mwaka niliopata 19 nilikwenda uwanjani nikapiga risasi 50 za 17 kwanza, nikapumzika, nikapiga 50 za 19. Matundu ya 19 yalikuwa yametawanyika kama kuku waliorushiwa jiwe. Nikatangaza kwa kila mtu kwamba 19 ni ya kutembea nayo tu, si ya shabaha. Mwaka mzima nikisema hivyo. Siku moja, kwa kuwa tu 17 ilikuwa bado kwenye mkoba, nikaanza na 19. Ikashinda. Aliyechoka kwenye risasi ya sitini nilikuwa mimi, na jua lilikuwa limeshapanda juu ya karatasi.

Basi piga kwa zamu za risasi tano tano: 17, 19, 19, 17. Kisha 19, 17, 17, 19. Mpango huu unagawa uchovu, joto na mwanga kwa zote mbili. Kila tano karatasi yake, na nyuma ya karatasi andika bastola na namba ya zamu kabla ya kupiga. Ukisema utakumbuka, hutakumbuka.

Anzeni mapema, saa moja asubuhi, na msisimame mkilikabili jua.

## Hatua ya 5: Risasi za polepole, mita 7

Masikio na macho yamefunikwa. Karatasi iko mita 7. Zamu nane, risasi 40, kila risasi uipe sekunde tatu au nne. Lenga pale pale kila mara. Ukiona matundu yamekwenda kushoto, usihamishe shabaha kuyafuata. Unachokitaka ni ukubwa wa kundi la matundu. Lilipoangukia utalishughulikia baadaye.

Chukua matundu mawili yaliyoachana zaidi, upime kwa rula kutoka katikati ya moja hadi katikati ya jengine. Andika. Tundu moja lililopotea kwa sababu ulipiga chafya, liandike nalo, usilifute. Mtu akianza kufuta matundu atayafuta ya ile asiyoipenda.

Dalili kwamba kazi imekwenda sawa: una vipimo vinne vya 17 na vinne vya 19, na zamu ya mwisho haiko mbaya mno kuliko ya kwanza. Kama zamu zote mbili za mwisho zimeharibika, umechoka. Kunywa maji, kaa kivulini dakika kumi na tano.

## Hatua ya 6: Teke

Teke ni ule msukumo bastola inaokupa inapopiga, na ubishi mwingi uko hapa. 17 bila magazini ina gramu 630 hivi, 19 karibu 600. Kwa gramu 30 tu wengi wanaapa kwamba 19 inapiga teke kali. Wengine hawahisi kitu. Hisia ya teke ni ya kwako peke yako, kwa hiyo usiiulize hisia, uliza video.

Mwenzako asimame nyuma ya mstari, ubavuni mwako, arekodi mwendo wa polepole. Piga risasi mbili mbili, ya pili pale tu kilengeo cha mbele kinaporudi kwenye shabaha. Jozi tano kwa kila bastola, kwa zamu. Hizo ni risasi 20. Usiku, nyumbani, tazama mtutu unanyanyuka kiasi gani, na muhimu zaidi, unarudi pale pale au unapitiliza chini?

Mtutu unaonyanyuka sana na kurudi pale pale ni mzuri kuliko unaonyanyuka kidogo na kurudi kila mara mahali pengine. Ukiona mikono inasukuma chini kabla ya risasi kutoka, hiyo haihusu bastola yoyote. Nenda hatua inayofuata.

## Hatua ya 7: Mtego wa risasi bandia

Geuka nyuma. Mwenzako ajaze magazini kwa kuchanganya risasi za kweli na za bandia, wewe usione. Kumi za kweli kwa kila bastola, tano bandia. Sasa piga polepole kwenye karatasi mpya.

Ikija bandia, triga inalia tu: tak. Na hapo utaona mtutu wako ulivyoinama peke yake. Mara ya kwanza watu wazima wanaona haya. Mlinzi mmoja kutoka Mkoani, mtu wa mashoto, alikuwa amekwisha apa kwamba 17 ya kazini kwao imepinda kwa sababu inapeleka risasi chini kulia. Kwa mtu wa mashoto chini kulia ndiyo ile chini kushoto ya wengine wetu. Tulipomwekea bandia, mtutu ukainama vidole viwili. Tukampa 19, ukainama vidole viwili vile vile.

Tahadhari: triga ikilia bila mlipuko, shikilia mtutu kwenye tuta uhesabu hadi thelathini kabla ya kuvuta slaidi. Nyingi zitakuwa bandia, lakini risasi ya kweli inayochelewa kulipuka ipo, na kwa macho huwezi kuitofautisha ikiwa ndani ya chemba. Na ukisikia mlio hafifu kuliko kawaida, usipige nyingine kabisa. Toa kila kitu, umwite msimamizi aangalie kama kichwa cha risasi hakikubaki ndani ya mtutu.

Kinachotafutwa: bandia tano, na kwa angalau nne mtutu umetulia. Ukiinama kwa bastola zote mbili, vipimo vya hatua ya tano vinaeleza habari za mikono yako tu.

## Hatua ya 8: Kubadilisha magazini na kushughulikia slaidi

Kwa risasi bandia tu. Kwenye 19 angalia kitu kimoja: nyama ya kiganja inaweza kubanwa kati ya mpini na kitako cha magazini unapoisukuma ndani kwa nguvu. Kwenye 17 hutokea kwa nadra. Bora ukutane nacho hapa kuliko zamu ya usiku getini.

Jengine ni kidole gumba. Wanaoweka gumba juu sana hukibana kile kitenzo kinachofunga slaidi wazi. Magazini inakwisha, slaidi inarudi mbele badala ya kukaa wazi, nao wanasema springi ya magazini imekufa. Shusha gumba kidogo, jaribu tena. Springi nyingi zinafufuka hapo hapo.

## Hatua ya 9: Kusoma matokeo

Tandika karatasi sakafuni kwa mistari miwili. Tuseme 17 imetoa sentimita 7, 9, 6, 10, na 19 imetoa 8, 7, 11, 9. Wastani ni 8 na 8.75. Umezipata tofauti? Hapana. Makundi ya bastola moja yametofautiana kwa sentimita nne yenyewe kwa yenyewe. Robo tatu ya sentimita kati ya hii na ile haina maana. Andika "sawa" bila kuona haya.

Tofauti ya kuiamini ni ile ambayo kundi baya kabisa la moja linakaribia kundi zuri kabisa la nyingine, na iwe imejirudia siku nyingine. Kwa wapigaji wengi niliowafundisha, 17 na 19 kwa mita 7 hutoka sawa. Kinachobaki kuamua ni mpini kwenye mkono uliolowa, kiganja kinachobanwa, na namna utakavyoibeba. Mimi kwa ukweli wangu naipendelea 17 kwa mlinzi anayeivaa kiunoni wazi, kwa ajili ya kidole cha mwisho. Anayelazimika kuikalia kwenye gari siku nzima, 19.

## Hatua ya 10: Kabla ya kuondoka

Nawa mikono kwa sabuni na maji baridi kabla ya kugusa chakula. Vumbi la madini ya risasi lipo vidoleni, na urojo wa njiani hauliondoi. Toa risasi zote, hakikisheni chemba wawili kama mwanzo, kisha futa slaidi na mtutu na upake mafuta membamba.

Hewa ya chumvi ya kwetu haisubiri. Usiirudishe bastola kwenye ala ya ngozi iliyolowa jasho. Kesho yake itazame tena, hasa skrubu ya kilengeo cha mbele na kingo za chuma za magazini. Ukiona rangi ya kahawia hata kama ukucha, futa kwa kitambaa chenye mafuta siku hiyo hiyo.